Pancha kwenye pikapu mpya: kuliokoa tairi lisife kabla ya wakati wake

Tairi la pikapu mpya likichomwa msumari, msumari wenyewe mara chache ndio unaoliua. Linauawa na mambo mawili yanayofuata: dereva anayelikanyagia bila upepo akitafuta fundi, na fundi anayeliziba kwa haraka kutokea nje bila kulivua. Kwenye gari la miaka kumi hasara hiyo huvumilika, maana kashata zenyewe, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, zimeshaisha. Kwenye Hilux, Ranger au D-Max iliyotembea kilomita elfu tano, unatupa tairi lenye karibu uhai wake wote, kisha unaanza kuhangaika kupata jingine litakalolingana na matatu yaliyobaki.

Mwongozo huu ni wa pikapu za aina hiyo, zenye tairi zisizo na tyubu, kwenye barabara zetu za Tanzania. Unaanzia nyumbani kabla pancha haijatokea, unapita kando ya barabara, na unakaa muda mrefu zaidi kwa fundi, kwa sababu huko ndiko tairi zima linakoharibiwa.

Nyumbani, kabla ya yote

Mwenye gari jipya mara nyingi hajawahi kugusa vifaa vyake. Tenga nusu saa, egesha mahali tambarare, uvitoe vyote. Kwenye pikapu nyingi vinakaa chini au nyuma ya kiti cha nyuma: jeki, mpini wake, wili spana, na vyuma virefu vinavyounganishwa ili kushusha spea. Hesabu kimoja kimoja ukilinganisha na kitabu cha gari. Gari kuwa jipya si uthibitisho kwamba vifaa vimekamilika. Limepita bandarini, kwenye yadi na mikononi mwa madereva kadhaa kabla ya kukufikia.

Tazama nati za magurudumu. Kama kila gurudumu lina nati moja isiyofanana na nyingine, hiyo ni nati ya kuzuia wizi, na ina ufunguo wake mdogo wa chuma. Ufunguo huo ukipotea, wili spana yako haina kazi. Uweke pamoja na jeki, usiuache nyumbani kwenye droo.

Kisha ishushe spea. Inaning'inia chini ya bodi, nyuma, kwa mnyororo au waya wa chuma. Juu ya bampa au karibu na namba ya gari kuna tundu dogo. Chuma kirefu kinaingizwa hapo mpaka kishike, halafu unazungusha na spea inateremka taratibu. Kwenye baadhi ya magari tundu hilo lina kufuli. Jifunze kazi hii mchana, ukiwa na nguo za kazi, badala ya kujifunza usiku njiani ukiwa na familia ndani. Spea ikiwa chini, ipime upepo. Spea nyingi zinakutwa zimelegea kwa sababu hakuna aliyezigusa tangu gari liondoke kiwandani. Kiasi sahihi cha upepo kimeandikwa kwenye stika iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, mara nyingi kwa safu mbili: gari tupu na gari lenye mzigo. Usifuate namba iliyo ubavuni mwa tairi. Hiyo ni kikomo cha tairi, haionyeshi kiasi kinachofaa gari lako.

Mwisho, ongeza vitu ambavyo kiwanda hakikukupa: kipande cha ubao mgumu cha kuweka chini ya jeki, kabari mbili za kuzuia magurudumu, kipimo cha upepo, kompresa ndogo ya volti 12, glavu, tochi ya kuvaa kichwani, na kipande cha bomba cha kurefusha mpini wa wili spana. Kompresa hiyo ndiyo yenye faida kuliko vyote, kama utakavyoona.

Upepo unapoanza kwisha

Tairi la mbele likiisha upepo, usukani unavuta upande. La nyuma likiisha, mkia wa gari unayumba na unahisi uzito umelegea chini yako. Shika usukani kwa mikono miwili, achia mafuta, washa hazadi, acha mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu: tairi lisilo na upepo linaweza kuchomoka kwenye rimu, na hapo gari halitakusikiliza tena.

Simama mapema kadiri usalama unavyoruhusu. Ubavu wa tairi umetengenezwa kubeba gari ukiwa umejaa upepo. Ukiisha upepo, ubavu unakunjwa kila gurudumu linapozunguka, unabanwa kati ya rimu na lami, unapata joto, na nyuzi za ndani zinakatika. Kilomita chache za mwendo huo, pengine hata moja, zinatosha kulifanya tairi lenye tundu la msumari kuwa takataka. Kwa nje litaonekana zima, ndiyo maana wengi huendelea.

Kuna sehemu nakubali tairi liuawe. Kwenye kona za Kitonga, malori yakishuka na mzigo nyuma yako, usisimame. Tambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea mpaka pana nafasi ya kutosha nje ya lami. Vivyo hivyo kwenye daraja jembamba au nyuma tu ya kilele cha mlima. Tairi linanunuliwa.

Mikumi ina hesabu yake. Barabara ya Morogoro kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na tembo, nyati na simba wapo. Kama tairi linavuja taratibu, lijaze kwa kompresa na uendelee mpaka utoke. Kama haiwezekani, chagua sehemu wazi isiyo na kichaka karibu, mtu mmoja abaki akiangalia pande zote wakati mwingine anafanya kazi, na asiwepo wa kwenda haja porini. Usiku ni heri kubaki ndani na milango imefungwa, mkiomba msaada wa gari linalopita au wa watu wa hifadhi, kuliko kulala chini ya gari mkizungusha jeki.

Waonyeshe wengine kwamba umesimama

Abiria wote washuke upande usio wa magari na wasimame mbali na barabara, si nyuma ya gari. Weka pembetatu za tahadhari, moja nyuma na moja mbele. Kwenye barabara kuu mita hamsini ni chache. Basi linalokuja kwa kilomita 80 kwa saa linafuta mita hamsini kwa sekunde mbili na robo. Peleka pembetatu ya nyuma mita mia au zaidi, na kama kuna kona au mlima, iweke kabla ya kona au mlima huo, ili dereva aione kabla hajakuona wewe.

Sote tunajua desturi ya kukata matawi na kuyapanga barabarani. Kama huna pembetatu, matawi yanaokoa maisha, na dereva yeyote wa nchi hii anayaelewa. Lakini ukimaliza, yaondoe. Yaondoe yote, pamoja na mawe uliyozuia nayo magurudumu. Anayekuja na pikipiki usiku hana namna ya kujua kwamba gari lililoharibika liliondoka saa tatu zilizopita.

Tazama kabla ya kunyanyua

Zunguka tairi ukitafuta msumari, skrubu ya bati, kipande cha waya au mwiba. Ukanda wa Dodoma na Singida una miiba ya migunga inayopenya kashata za tairi jipya bila shida. Mjini adui ni misumari ya kwenye maeneo ya ujenzi. Ukikiona, usikichomoe. Chombo kilichobaki tunduni kinaziba sehemu kubwa ya tundu, na upepo unatoka taratibu. Ukikichomoa umegeuza mvujo wa saa sita kuwa mvujo wa dakika moja.

Kama bado kuna upepo na tundu liko kwenye kashata, una njia nyepesi kuliko kubadilisha gurudumu. Jaza kwa kompresa hadi kiasi cha kwenye stika, sikiliza kasi ya mvujo, halafu nenda kwa fundi taratibu, ukisimama kupima kila kilomita kumi hivi. Hivyo tairi halijakanyagwa bila upepo hata hatua moja. Hapa ndipo kompresa inalipa gharama yake.

Kama ubavu umepasuka, una uvimbe, au upepo unatoka kwa kasi kuliko unavyoingia, badilisha.

Tia alama. Chora kwa chaki, au piga picha kwa simu ukionyesha tundu liko wapi ukilinganisha na valvu. Fundi atakushukuru, na wewe utakuwa na uhakika kwamba ameziba tundu lile lile.

Kuhusu gundi za kopo zinazopulizwa kupitia valvu: zinasaidia pale ambapo huna spea au mahali ni pa hatari mno. Lakini zinachafua tairi lote ndani, zinavuruga balansi, na zinaweza kuziba kihisi cha upepo kama gari lako linacho. Ukizitumia, mwambie fundi kabla hajafungua.

Kubadilisha gurudumu

Gari liwe kwenye ardhi ngumu. Vuta breki ya mkono, weka gia ya P, au gia ya kwanza kama ni ya kukanyaga klachi. Zima injini. Halafu weka kabari kwenye gurudumu lililo pembe ya mkabala na lile bovu. Usiruke hatua hii ukidhani P inatosha. Ukinyanyua gurudumu moja la nyuma, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya ekseli) inaruhusu gurudumu la hewani kuzunguka upande wake na la chini kuzunguka upande mwingine, hivyo P peke yake haishiki kitu. Breki ya mkono nayo inashika magurudumu ya nyuma tu, na moja umelinyanyua. Ndiyo maana kabari inatakiwa.

Shusha spea kwanza, kabla jeki haijaingia. Gari likiwa na tairi bapa nyuma, nafasi ya chini ni ndogo, na hutaki kuingiza mikono kule gari likiwa juu ya jeki. Ikishatoka, ilaze chini ya chasisi karibu na gurudumu unalofungua. Jeki ikiteleza, gari litaangukia spea badala ya kukuangukia wewe. Ukishatoa gurudumu bovu, libadilishane nafasi na spea: bovu linakwenda chini ya chasisi, spea inatoka kufungwa.

Legeza nati gurudumu likiwa bado chini, nusu mzunguko kila moja, si zaidi. Kwenye gari jipya utakuta zimebanwa kwa mashine ya upepo na zina ukaidi. Weka spana sawasawa mpaka ndani, tumia kile kipande cha bomba, sukuma kuelekea chini kwa uzito wa mwili. Usipige spana kwa nyundo. Nati zenye kofia ya chuma chembamba zinaharibika umbo na spana haitazishika tena.

Jeki inakaa mahali ambapo kitabu cha gari kimeonyesha. Kwa pikapu zenye springi za majani nyuma, mara nyingi ni chini ya ekseli, karibu na gurudumu. Mbele ni sehemu maalumu ya chasisi. Usiweke jeki chini ya bodi, bampa wala kasha la gia. Weka ule ubao chini yake, hasa kwenye vumbi au udongo wa mvua. Na kama umebeba saruji, magunia ya mahindi au matofali, fikiria kupunguza mzigo kwanza: uwezo wa jeki umeandikwa ubavuni mwake, na jeki iliyokuja na gari haikutengenezwa kwa bodi iliyosheheni kupita kiasi. Utingo akilalamika, mwache alalamike.

Nyanyua mpaka tairi bovu liachane na ardhi, kisha ongeza kidogo, kwa kuwa spea iliyojaa ni nene kuliko tairi lililolala. Toa nati, ziweke juu ya kitambaa zisile mchanga. Toa gurudumu. Pangusa uso wa habu (kitovu ambacho gurudumu linafungwa) na uso wa rimu. Kokoto moja iliyobanwa pale italegeza nati zote baada ya kilomita kadhaa. Usipake mafuta kwenye nyuzi za nati.

Ukifunga, tazama mdomo wa nati. Kama una umbo la koni, koni inatazama rimu. Kama ni bapa na una washa, mara nyingi huo ni wa rimu za aloi. Jambo hili linakuhusu hasa ikiwa magurudumu yako ni ya aloi na spea ni ya chuma cha kawaida, kwa sababu mdomo wa nati usiolingana na tundu la rimu haukai vizuri hata ukibanwa kwa nguvu zote. Kitabu cha gari kinaeleza kama nati zilizopo zinafaa kwa zote mbili. Soma ukurasa huo leo.

Anza kila nati kwa vidole, zikaze kidogo kwa kurukia upande wa pili, si kwa kufuata duara. Teremsha gari, kisha zibane kwa nguvu kwa mtindo ule ule. Usipande juu ya spana na kurukaruka. Stadi (vyuma vyenye nyuzi ambavyo nati zinafungwa) za gari jipya zinavutika na hata kukatika kama za gari lolote. Mjini, mwambie fundi akubanie kwa toki, yaani spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kiwango cha kwenye kitabu, na usiruhusu mashine ya upepo kumalizia kazi. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikague tena.

Mwenye lori kubwa atafakari kabla ya kufuata hatua hizi. Magurudumu pacha ya nyuma yanatakiwa kutolewa upepo kabla ya kulegeza nati, na rimu za vipande zenye pete ya kufungia zimeua mafundi wengi duniani kwa pete kufyatuka wakati wa kujaza. Hizo ni za fundi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia. Usizifungue barabarani.

Kwa fundi pancha

Hapa ndipo pa kusimama na kuangalia, hata kama una haraka. Mafundi wetu wengi ni hodari na wanafanya kazi kwenye jua kwa malipo madogo. Wanachofanya ni kile wateja wanachokiomba, na wateja wengi wanaomba kimoja tu: haraka. Ukieleza tangu mwanzo kwamba unataka tairi livuliwe na kuzibwa kwa ndani, na kwamba utalipia kazi hiyo, mazungumzo yanabadilika.

Njia ya haraka ni ule uzi mnene wa mpira wenye gundi unaosukumwa tunduni kutoka nje bila kuvua tairi. Unazuia upepo, na ukiwa porini ni msaada mkubwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeona ndani. Pengine msumari ulikuwa mrefu ukachana ubavu kwa ndani. Pengine tairi lilikanyagwa bila upepo kabla hujagundua. Na uzi unaziba shimo bila kuufunika ule utando wa ndani unaotunza upepo. Unyevu nao hupenya kutoka nje na kuzifikia nyuzi za chuma zilizo chini ya kashata, zikaanza kuota kutu. Kwa tairi lililobakiza miezi mitatu, sawa. Kwa tairi jipya, uuchukulie uzi huo kuwa wa kukufikisha tu kwa fundi mwenye vifaa.

Ukarabati unaofaa unakwenda hivi. Tairi linajazwa na kumwagiwa maji ya sabuni ili mvujo uonekane, pamoja na kwenye valvu na kwenye ukingo wa rimu, kwa maana wakati mwingine panapovuja ni hapo na msumari haujafika ndani kabisa. Tundu linawekewa alama. Upepo wote unatolewa, tairi linavuliwa. Kama rimu ni ya aloi, sisitiza mashine yenye kinga ya plastiki. Nyundo na vyuma vya mkono vinachana ukingo wa rimu, na ukingo uliochanika utavuja siku zote.

Kisha tazameni ndani wote wawili, kwa tochi. Pitisha mkono taratibu ukivaa glavu. Mkiona unga mweusi wa mpira umejikusanya ndani, au pete iliyochubuka inayozunguka ubavu mzima, tairi hilo lilikanyagwa bila upepo na limekwisha, hata kama tundu lenyewe ni dogo kama sindano. Mkiona nyuzi zimejitokeza, vilevile. Fundi akikuambia linafaa kwa sababu nje ni zima, usikubali.

Kama ndani ni safi, pimeni tundu. Kipimo kinachotumika katika sekta ya matairi ni kipenyo kisichozidi milimita 6, na tundu liwe katikati ya kashata, mbali na bega. Bega na ubavu hazizibwi kwa sababu zinakunjuka muda wote, na kiraka chochote kitabanduka. Matundu mawili yaliyokaribiana kiasi kwamba viraka vitapandana nayo hayazibwi.

Tundu linasafishwa kwa keekee ndogo kufuata mwelekeo ule ule wa msumari, ili nyuzi zilizokatika zisibaki zikichoma. Sehemu ya ndani kuzunguka tundu inasafishwa kwa dawa, inasuguliwa mpaka mng'ao uondoke, bila kufika kwenye nyuzi. Inapakwa solusheni (gundi ya kiraka), na hapa subira inatakiwa: solusheni inasubiriwa ikauke mpaka inate tu kwenye kidole. Kiraka kilichobandikwa juu ya solusheni mbichi kinabanduka. Kiraka bora ni kile chenye mguu: mguu wa mpira unavutwa kupitia tundu hadi nje na kulijaza, na kichwa chake bapa kinafunika utando wa ndani. Kinakandamizwa kwa kirola kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, ili hewa isibaki chini yake. Mguu unakatwa usawa wa kashata. Tairi linarudishwa, linajazwa, linamwagiwa tena maji ya sabuni. Kama hakuna povu, linapelekwa kwenye balansi.

Kazi hiyo ikifanywa vizuri inadumu mpaka kashata ziishe. Haina haja ya kurudiwa, wala huna sababu ya kuliogopa tairi hilo.

Kuhusu kuweka tyubu ndani ya tairi lisilo la tyubu, ambayo ni tiba ya kawaida mikoani: ikiwa uko mbali na tundu ni la kwenye kashata, tyubu ya saizi sahihi itakufikisha, kwa mwendo wa taratibu. Ndani ya tairi hizi mara nyingi kuna mistari na lebo zinazokwaruza tyubu, joto linaongezeka, na tyubu ikipasuka upepo unaisha kwa mpigo mmoja. Kamwe usiikubali kama dawa ya ubavu uliochanika. Tyubu haiupi ubavu nguvu. Inauficha ugonjwa mpaka siku ya mzigo na jua kali.

Mwenye pikapu iliyoletwa kutoka Marekani, ambako magari mepesi mapya yalilazimika kuwa na mfumo wa kuonya upepo ukipungua kuanzia modeli za 2008, amwambie fundi kabla ya kuvua. Mara nyingi kihisi kiko ndani, kimeshikamana na valvu, na chuma cha kung'olea tairi kikikaa upande huo kinakivunja.

Likiwa halizibiki

Habari njema kwa mwenye gari jipya ni kwamba kununua tairi moja tu kunaweza kutosha. Chukua tairi la 265/65R17, saizi ya kawaida kwenye pikapu hizi. Likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Kashata zikipungua milimita 2, kipenyo kinakuwa 772: tofauti ya nusu asilimia, yaani mizunguko kama miwili zaidi kwa kila kilomita. Pikapu iliyotembea kilomita elfu chache haijafika hata huko. Difu inaimudu tofauti hiyo. Lakini matatu yaliyobaki yakiwa yameshalika nusu, nunua mawili na uyafunge ekseli moja, na kwenye gari lenye 4WD ya muda wote fuata kikomo cha tofauti kilichoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu pale mbele na nyuma zimeunganishwa kila wakati.

Jipya liwe saizi ile ile, kampuni ile ile na muundo ule ule wa kashata kama linapatikana. Namba inayofuata saizi, kama 112, ni uwezo wa kubeba: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Usikubali ndogo kuliko ya awali, hata kama muuzaji anasema saizi inaingia. Kisha tafuta ubavuni namba nne mwishoni mwa maandishi ya DOT: 2324 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2024. Tairi la mtumba lenye kashata nene na namba inayoishia 15 limezeeka, hata kama linang'aa.

Dhamana ya gari kwa kawaida haigusi msumari, na bima kubwa nyingi hazilipi tairi lililoharibika peke yake bila gari kuumia. Soma mkataba wako kabla ya kupoteza siku nzima ofisini.

Kurudisha spea

Watu wengi huishia hapa: gurudumu lililozibwa linatupwa kwenye bodi, spea inabaki imefungwa ikitembea barabarani, na wiki tatu baadaye mvungu wa gari hauna kitu. Lirudishe gurudumu lililozibwa mahali pake siku hiyo hiyo. Spea ipime upepo, ijaze kidogo zaidi ya kiasi cha kwenye stika, kwa kuwa kupunguza barabarani ni rahisi kuliko kuongeza. Iinue kwa chuma kirefu huku ukiangalia kile kishikio cha mnyororo kimekaa sawa katikati ya rimu. Endelea kuzungusha mpaka ikazike, kisha itikise kwa mikono miwili. Ikicheza, ishushe uanze upya, la sivyo rasta (matuta madogo madogo) za barabara ya changarawe zitaisugua spea na waya wake mpaka kimoja kikatike. Hakikisha kabari na ubao vimerudi nyuma ya kiti, na ufunguo wa nati ya wizi uko na jeki.